Siem Reap nje ya mahekalu: ziwa, mlima au panya wa Morogoro?

Tiketi ya kuingia Angkor, eneo la mahekalu ya kale kando ya mji wa Siem Reap, Kambodia, huuzwa kwa siku. Ya siku moja ni dola 37 za Marekani, ya siku tatu ni 62, ya siku saba ni 72. Wageni wengi wakinunua hiyo ya siku tatu hudhani lazima wazitumie mfululizo, basi wanajikamua: alfajiri kungoja jua pale Angkor Wat, mchana nyuso za mawe za Bayon, jioni mizizi ya Ta Prohm, kesho tena, keshokutwa tena. Siku ya tatu saa 5 asubuhi utamkuta mtu amekaa kwenye ngazi za hekalu ambalo hata jina limeshamtoka, chupa ya maji mkononi, anamngoja dereva amrudishe hotelini.

Kumbe tiketi ya siku tatu inatumika ndani ya siku 10, na ya siku saba ndani ya mwezi mzima. Siku za kuingia unazichagua mwenyewe. Unaweza kwenda mahekaluni Jumatatu, ukapumzika Jumanne, ukarudi Jumatano na macho mapya. Na ndugu na marafiki wanaonipigia simu wakipanga safari ya Kambodia hawaniulizi kuhusu mahekalu, hayo wanayajua kwa picha. Wananiuliza: hizo siku za katikati nizipeleke wapi?

Nimefika Siem Reap mara mbili, mara ya kwanza Aprili, mara ya pili Novemba. Ilikuwa kama nimekwenda miji miwili. Ndiyo maana kabla ya kukulinganishia lolote nami nakuuliza: unakwenda mwezi gani?

Ziwa au mlima

Mji umekaa katikati ya vitu viwili vikubwa. Kusini kuna ziwa Tonlé Sap, kubwa kuliko yote ya maji baridi katika Asia ya Kusini-Mashariki. Kaskazini kuna mlima Kulen. Mto mdogo unaopita katikati ya mji unashuka kutoka mlimani na kuishia ziwani. Waliojenga Angkor waliishi kwa vyote viwili: mawe ya mahekalu yalichongwa chini ya Kulen, samaki walitoka ziwani. Ukienda kimojawapo, hekalu utakalolitazama kesho yake utaliangalia vingine kabisa.

Nianze na ziwa, maana lina tabia ambayo sijaiona penginepo. Mto unaoitwa pia Tonlé Sap unaliunganisha na mto Mekong pale Phnom Penh. Wakati wa kiangazi maji hutoka ziwani kwenda Mekong, kama unavyotarajia. Mvua zikikolea, Mekong hujaa mpaka unausukuma ule mto mwenzake urudi ulikotoka, na ziwa linaanza kumeza nchi. Kutoka eneo la kilomita za mraba kama 2,500 linafika zaidi ya 10,000. Kina kinapanda kutoka mita moja hivi hadi mita nane au zaidi. Misitu yote ya kando inazama, samaki wanaingia kuzaliana kati ya matawi, na wavuvi wanawafuata humo humo. Mwezi wa Novemba maji yanapogeuka tena kuelekea baharini, nchi nzima inasherehekea Bon Om Touk, sikukuu ya maji, kwa mashindano ya mitumbwi mirefu ya kupiga kasia.

Sasa fikiria watu wanaoishi hapo. Aprili nilifika kijiji cha Kompong Phluk, na boti yetu ilipita kwenye mfereji mwembamba wa maji ya rangi ya chai ya maziwa, injini ikitifua tope. Nyumba zilikuwa juu kabisa ya vichwa vyetu, zimebebwa na miti mirefu myembamba, mita sita, mita saba, ngazi baada ya ngazi. Chini yake palikuwa nchi kavu: kuku wanaparua, wanawake wameanika kamba kwenye mikeka, watoto wanacheza mpira mahali ambapo miezi michache nyuma palipita boti. Kwenye nguzo niliona mstari mweusi wa ukungu, juu zaidi ya ninavyoweza kufikia kwa mkono. Hapo ndipo maji yalipokuwa.

Novemba nilirudi. Ngazi zile zote zilikuwa zimezama. Sakafu za nyumba zilikuwa karibu na maji kiasi kwamba mama mmoja alikuwa amekaa mlangoni anaosha sufuria bila kuinama sana. Mpira wa watoto ulikuwa umegeuka kuwa kuogelea. Tuliingia msituni kwa mtumbwi mdogo, mwanamke anapiga kasia taratibu, tukipita katikati ya vilele vya miti, na kilichosikika ni kasia na ndege tu.

Mlima ni jambo jingine. Phnom Kulen, yaani mlima wa lichi, yale matunda madogo yenye ganda jekundu, uko karibu kilomita 50 kutoka mjini. Hapo ndipo Jayavarman wa Pili alipojitangaza mfalme wa wafalme mwaka 802, na dola ya Angkor ikahesabiwa imeanza. Mwaka 2012 wataalamu walipita juu yake kwa helikopta wakipima ardhi kwa miale ya leza, wakagundua mitaa na mifereji ya mji mzima chini ya msitu, mji ambao maandishi ya kale yaliutaja kama Mahendraparvata. Lakini hayo yako chini ya miti. Utakachokiona ni mto ambao sakafu yake ya mwamba imechongwa mamia ya alama za mungu Shiva ili maji yashuke mashambani yakiwa yamebarikiwa, sanamu kubwa ya Buddha aliyelala iliyochongwa juu ya jiwe, na maporomoko ya maji unayoweza kuyaogelea chini yake.

Ninachokipenda Kulen kuliko vyote hivyo ni kwamba ni mahali pa wenyeji. Siku za mapumziko familia zinapanda na vyungu vya wali, kuku wa kuchoma na mtoto mgongoni. Wanakodi vibanda vya mikeka kando ya mto, wanakula, wanalala, wanaingia majini na nguo zao. Barabarani wanauza ndizi za ganda jekundu kama zile zetu za Mto wa Mbu. Angkor Wat unakutana na wageni wenzako. Kulen unakutana na Wakambodia wakiwa likizoni.

Bei zao hazilingani. Kulen ina tiketi yake ya dola 20 kwa mgeni, ile ya Angkor haifanyi kazi, na utahitaji gari, kwa sababu bajaji ya Siem Reap, ambayo ni kigari kinachovutwa na pikipiki, inahangaika sana kwenye kile kilima. Barabara ya juu ni ya kupokezana: asubuhi ni ya kupanda, mchana ni ya kushuka, hivyo ukichelewa kuondoka mjini umekwisha kuikosa siku. Ziwani boti na kiingilio cha kijiji huwa kati ya dola 20 na 30 kwa mtu, kutegemea kijiji na idadi yenu. Bajaji inafika vijiji vya karibu bila shida.

Kwa hiyo: ukienda kati ya Agosti na Januari, chagua ziwa bila kusita, mlima utakungoja. Ukienda Machi hadi Mei, chagua mlima. Ziwani utaona nguzo na tope, na hilo nalo lina elimu yake, ila mgeni aliyeahidiwa kijiji kinachoelea atarudi na kinyongo, ilhali Kulen joto la Aprili ndilo linalofanya yale maji yawe na thamani. Juni na Julai maji ya ziwa ndiyo kwanza yanaanza kurudi, bado ningepanda mlima. Na kama tiketi ya dola 20 inakuuma, kuna Kbal Spean upande ule ule, ambako nako kuna mto uliochongwa, na tiketi ya Angkor inakubaliwa. Ni mwendo wa kilomita moja na nusu kupanda msituni kwa miguu, na hufungwa mapema alasiri. Kote kuwili usiiache njia iliyokanyagwa. Vita vilipita huku, na sababu ya onyo hilo nitaifikia.

Kijiji kipi cha ziwani

Ukishachagua ziwa, dereva atakuuliza kijiji gani, na wengi hujibu chochote. Usijibu chochote.

Chong Kneas ndicho cha karibu, kilomita kama 15, na nyumba zake zinaelea kweli na kuhama na maji. Kwa sababu ya ukaribu huo ndicho kinachopokea mabasi mengi. Kama una nusu siku tu na hutaki safari ndefu, kitakutosha. Kompong Phluk ni kilomita 30 hivi, nyumba za nguzo na msitu uliozama, na ndicho ninachompendekezea mtu wa mara ya kwanza. Kampong Khleang uko kilomita 50 na zaidi, ni mkubwa, nguzo zake ni ndefu kupita zote, na watu wake wana shughuli zao kiasi kwamba hawakutazami mara mbili. Umbali umewachuja wageni. Kama unapiga picha au unapenda kutembea polepole na kusalimiana, nenda huko hata kama itakugharimu siku nzima.

Prek Toal si kijiji cha kutazama nyumba. Ni hifadhi ya ndege, na msimu wake ni Januari hadi Machi, maji yanapopungua na samaki kubaki kwenye vidimbwi: wari, korongo na makorongo wakubwa aina ya marabu wanakusanyika kwa maelfu. Ukiwa mpenzi wa ndege na unakwenda Februari, sahau ushauri wangu wote mwingine uende huko.

Jambo moja liliniumiza na nalisema ili usikutwe nalo. Katika kijiji kimojawapo boti ilisimamishwa kwenye duka tukaambiwa tununue gunia la mchele kwa ajili ya watoto wa shule, bei mara kadhaa ya sokoni. Nilinunua. Nilipopita tena kwa boti nyingine niliona gunia likirudishwa dukani. Ukitaka kumsaidia mwanakijiji, kula kwake, kodi mtumbwi wake, nunua samaki wake mkavu. Na ukialikwa kutembelea kituo cha watoto yatima, kataa kabisa. Mashirika ya kulinda watoto ya Kambodia yamepiga kelele kwa miaka mingi kwamba ziara hizo zimefanya watoto wenye wazazi watolewe majumbani mwao ili wawe kivutio.

Panya wa Morogoro

Hapa msomaji wa Tanzania aniruhusu nikae kidogo.

Kambodia imefukiwa mabomu ya kutegwa ardhini kwa sababu ya vita vilivyodumu miongo. Tangu mwaka 1979 karibu watu 20,000 wameuawa na mabomu hayo na mabaki ya silaha, na wengine zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo wamejeruhiwa. Utawaona mjini: wanaume wazima waliokatwa mguu, wamekaa chini karibu na mahekalu wakipiga ala za muziki kwa kikundi.

Wanaosaidia kuyatafuta mabomu hayo ni panya buku kutoka kwetu. Shirika la APOPO lina makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, pale Morogoro. Panya wanazaliwa huko, wanafundishwa huko kwa miezi kunusa TNT, kile kilipuzi cha ndani ya mabomu, kisha wanapandishwa ndege kwenda Kambodia. Sisi tuliokulia chini ya Uluguru panya buku tunamjua kwa sifa nyingine: mwizi wa karanga na mahindi, anayejaza mashavu yote mawili na kutokomea shimoni. Bibi yangu alikuwa akimtegea. Siem Reap yuko kwenye mabango.

APOPO wana kituo cha wageni hapo mjini, na ziara yake haichukui muda. Wanakueleza kwanza, halafu wanakuonyesha. Nilichokiona ni hiki: kamba imevutwa kati ya vijana wawili juu ya udongo uliopondwa, panya amevishwa mkanda mwembamba uliofungwa kwenye ile kamba. Anatembea pua chini kutoka upande huu hadi ule, vijana wanasogea hatua moja, anarudi, kama mtu anayepalilia tuta kwa tuta. Masharubu hayatulii. Ghafla akasimama. Akarudi nusu hatua, akanusa tena, akakwaruza udongo kwa miguu ya mbele, haraka haraka. Kifaa mkononi mwa kijana kikalia "klik", na panya akatimka kwenda kuchukua kipande chake cha ndizi. Alikishika kwa mikono miwili akala macho yamefumbwa nusu.

Yule kijana alituuliza tumetoka wapi. Niliposema Tanzania hakuningoja nimalize. "Morogoro!" akasema, kwa matamshi safi kabisa, na akataka kujua kama milima ya kule ni mirefu kweli.

Panya hawa hawafiki kilo mbili, ndiyo maana hawalipui bomu wakilikanyaga. Hawababaishwi na misumari na vizibo vya soda kama kifaa cha kutambua chuma. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi panya mmoja hulimaliza kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye kifaa inaweza kumchukua hadi siku nne. Wanafanya kazi alfajiri kabla jua halijawa kali, na hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani. Aliyejulikana kuliko wote ni Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013. Alipata zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, mwaka 2020 shirika la wanyama la PDSA la Uingereza likamtunuku medali ya dhahabu ambayo hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake, akastaafu 2021 na kufa Januari 2022.

Mshindani wa kituo cha panya katika ulinganisho huu ni Makumbusho ya Mabomu ya Ardhini, nje ya mji, kilomita kama 25, karibu na hekalu la Banteay Srei. Aliyeyaanzisha, Aki Ra, alifanywa askari akiwa mtoto na kutegesha mabomu kwa mikono yake. Alipokua akazunguka akiyafukua. Ukumbi wake umejaa maganda ya mabomu aliyoyatoa. Ni mahali pazito, na unatoka kimya. Ukiwa na watoto, nenda kwa panya: wataelewa, watafurahi, na watakuwa wamejifunza. Ukiwa mtu mzima unayetaka kujua vita vilimfanya nini mtu mmoja, nenda kwa Aki Ra, na kwa kuwa Banteay Srei iko jirani, siku hiyo hiyo unapata na hekalu dogo zuri kuliko yote kwa nakshi. Mtanzania kuondoka Siem Reap bila kuwaona panya, hilo siwezi kulipendekeza.

Jioni: sarakasi au apsara

Mahoteli mengi yatakuuzia chakula cha jioni chenye ngoma ya apsara. Ngoma yenyewe ni ya thamani kubwa. Ni urithi wa makasri, UNESCO iliutambua mwaka 2003, na wakati wa utawala wa Khmer Rouge, kati ya 1975 na 1979, walimu wake wengi sana waliuawa, hivyo kila kidole unachokiona kikikunjwa kinyumenyume kimerudishwa na wachache waliobaki. Shida ni mahali. Ukumbini watu wanazunguka meza za vyakula, sahani zinagongana, na mcheza ngoma anaongea kwa vidole vyake kwa watu wanaotafuna.

Phare ni sarakasi ya hemani, saa 2 usiku, saa moja hivi, haina wanyama. Wasanii wake wanatoka shule ya sanaa iliyoanzishwa Battambang mwaka 1994 na vijana tisa waliorudi kutoka kambi ya wakimbizi pamoja na mwalimu wao wa kuchora. Wanaruka, wanabebana, wanachora jukwaani, muziki unapigwa papo hapo, na hadithi ni zao wenyewe: vita, umaskini, mizimu, mapenzi. Maneno ni machache, hutahitaji lugha. Tiketi inaanzia karibu dola 18. Kwa mtu mwenye usiku mmoja, mimi nachagua Phare. Mwenye usiku miwili aitafute apsara, ila aulize kwanza kama kuna ukumbi ambako watu wanakula kabla onyesho halijaanza.

Mtaa wa baa uko pale pale katikati, kelele na taa. Utaupita tu ukitaka usitake.

Kula

Hapa Mswahili hatapotea. Samaki wa amok anapikwa kwa tui la nazi na viungo vilivyotwangwa kinuni, mchaichai, manjano, vitunguu saumu, kisha anapikwa kwa mvuke ndani ya kikombe cha jani la mgomba. Mtu wa pwani akionja anakaa kimya kwanza. Tofauti yake na mchuzi wetu wa nazi ni kwamba unaganda kidogo kama faluda nzito.

Lakini chakula cha kwenda kukitafuta ni nom banh chok, tambi za mchele zinazoliwa asubuhi. Kijiji cha Preah Dak, kwenye barabara ya kwenda Banteay Srei, ndicho chenye sifa. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya mama mmoja, dereva akanifundisha nimwite "ming", ambalo ndilo neno la heshima kwa mwanamke wa umri wa mama mdogo au shangazi. Alinyanyua fundo la tambi nyeupe kutoka kwenye kapu la majani, akalilaza bakulini, akamimina mchuzi wa samaki wa rangi ya kijani kibichi, halafu akanisogezea beseni zima la majani: matango yaliyokatwa nyuzi, ua la mgomba lililokatwa jembamba, maua ya gugumaji. Gugumaji hili hili linalotusumbua Ziwa Victoria, hapa ni mboga. Unajichumia, unachanganya, unakula. Nyuma yake mumewe alikuwa akichemsha utomvu wa mvumo kwenye karai kubwa ili apate sukari. Wagema wao hupanda kwa ngazi ya mwanzi iliyofungwa kwenye shina, asubuhi na jioni, kazi ile ile ya wagema wetu.

Ukilinganisha masoko, Psar Chas katikati ya mji ni la kununua zawadi, Psar Leu kwenye barabara kuu namba 6 ndilo wanakonunua nyama na mboga wenyeji. Jioni, Barabara ya 60 hujaa vibanda vya chakula na mabembea ya watoto, na wateja karibu wote ni Wakambodia. Mimi ningekula huko kuliko mtaa wa baa, usiku wowote.

Kwa Muislamu: nguruwe ni wa kila siku hapa na huingia hata kwenye supu usiyoishuku, kwa hiyo uliza. Ila mji una Waislamu wake, Wacham, na msikiti uko mtaa wa Steung Thmey, na migahawa ya halali imeuzunguka. Swala ya Ijumaa pale, na sahani ya nyama ya ng'ombe yenye pilipili manga baadaye, ni njia nzuri ya kupatana na watu ambao kitabu cha watalii hakiwataji. Kwa asiyekula nyama kabisa, jua kwamba prahok, samaki aliyechachushwa, amejificha kwenye karibu kila mchuzi.

Ya haraka haraka

Makumbusho ya Taifa ya Angkor au mahekalu kwanza? Makumbusho kwanza, dola 12, ili ukifika mbele ya michoro ya mawe ujue nani ni Vishnu. Baada ya mahekalu hayana ladha ile ile.

Karakana za Artisans Angkor mjini au shamba lao la hariri kule Puok? Shamba. Viwavi wakitafuna majani ya mforosadi wanatoa sauti kama manyunyu kwenye bati, na nyuzi za Kambodia ni za manjano kama dhahabu kabla hazijatiwa rangi. Kiingilio hakuna.

Jua likizama, pita bustani ya kifalme. Popo wakubwa wananing'inia mitini juu ya barabara na giza likianza wanaruka wote. Bure pia.

Fedha: dola zinapokelewa kila mahali, chenji inarudi kwa riel, dola moja ikiwa kama riel 4,000. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo itakataliwa, basi zikague kabla hujaondoka nyumbani. Uwanja mpya wa ndege ulifunguliwa Oktoba 2023 na uko mbali na mji, hesabu karibu saa nzima ya gari. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi ukitokea nchi yenye ugonjwa huo. Mpaka wa nchi kavu na Thailand ulifungwa mwaka 2025 kwa sababu ya mapigano, kwa hiyo usikate tiketi ya basi kutoka Bangkok kabla hujahakikisha. Nguo za kufunika mabega na magoti zinatakiwa mahekaluni, na kanga mbili zitakufaa zaidi ya kitu chochote utakachonunua pale.

Ningepanga hivi

Siku moja ya ziada, Novemba: asubuhi panya, mchana Kompong Phluk mpaka jua lizame msituni, na ukiwahi kurudi, Phare.

Siku moja ya ziada, Aprili: alfajiri Kulen kabla ya joto, shuka mchana, panya kabla hawajafunga, usiku Barabara ya 60.

Siku mbili, mwezi wowote: ya kwanza ifuate maji kama nilivyoeleza. Ya pili anza Preah Dak kwa ming, uende Banteay Srei, urudi kupitia kwa Aki Ra. Ila ondoka mjini mapema. Kufika saa 4 asubuhi makapu ya tambi yalikuwa yamebaki mawili.